Maji ya Jumanne

Baba mkubwa aliziba maji ya mama yangu siku ya Jumanne, wiki ya tatu baada ya kumzika baba. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilisimama pale pale, tope limenifika vifundoni, nikaona kila kitu. Watu wazima hupenda kuamini kwamba mtoto husahau. Mimi sikusahau, na sikuwahi kujaribu.

Kwetu, juu ya mji wa Moshi, maji hayaji shambani yenyewe. Mito inapita chini kabisa makorongoni, na vihamba vyetu, mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, vimekaa juu migongoni. Kwa hiyo wazee wa zamani walipanda hadi ukingoni mwa msitu, wakakikinga kijito karibu na kinapotokea, wakachimba mfereji unaozunguka mlima taratibu mpaka uwafikie watu. Mfereji huo tunauita mfongo. Kila nyumba ina mlango wake mdogo kwenye mfongo, na kila nyumba ina zamu yake. Yetu ilikuwa Jumanne, tangu jua linapochomoza hadi kengele ya mchana ya kanisani. Baba alipokuwa hai, Jumanne ilikuwa sikukuu ndogo. Tulizibua mlango, maji yakaingia kati ya migomba, na sisi wasichana watatu tukayatangulia tukiyachimbia njia kwa vijembe vyetu.

Mkuu wa mfongo alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba. Yeye ndiye aliyepanga zamu, aliyeita watu kwenye usafi wa mfereji, na aliyemtoza mvivu faini ya mtungi wa mbege, pombe yetu ya ndizi. Kihamba chake kilipakana na chetu. Matanga yalipoisha tu, alimwambia mama amwachie sehemu ya chini ya shamba, eti aitunze kwa niaba ya ukoo. Mama akakataa.

"Shamba hili aliniachia mume wangu," alisema.

"Alikuachia wasichana," baba mkubwa akajibu. "Mfongo ni wa wanaume. Walioutoboa mlima ni wanaume, wanaouzibua kila mwaka ni wanaume. Kwako nani atakuja kuzibua?"

"Nitakuja mwenyewe."

Akacheka. Lakini siku ya usafi ilipofika, mama alifunga kitenge kiunoni, akashika jembe la baba, akapanda pamoja na wanaume. Nilimfuata. Kwa mila zetu za zamani mwanamke hakutakiwa kukaribia pale maji yanapokingwa, ila nyakati hizo watu wengi walishaanza kulegeza, na wanaume kadhaa walimsalimia bila neno. Baba mkubwa ndiye aliyemnyang'anya jembe. Alilitupa korongoni. Nililiona likigonga mwamba mara mbili, kisha nikasikia majani tu.

Jumanne iliyofuata tulikuta mlango wetu umeshindiliwa mashina ya migomba, mawe na udongo. Yeye alikuwa amesimama juu yake kwa buti, akiukanyaga udongo ukaze.

"Shikamoo, shemeji," mama alisema. Aliisema kweli, kwa sauti ya heshima, maana hakuwa na kitu kingine mkononi.

Hakuitika. Alimaliza kukanyaga, akaenda zake.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali. Kahawa ilitoa maua yakaungua kabla hayajafunga. Migomba ikajikunja majani. Ng'ombe wetu akakauka maziwa. Wakati huohuo upande wa pili wa ua migomba ya baba mkubwa ilikuwa myeusi kwa unono, na Jumanne nilikuwa nikisikia maji yetu yakilia kwenye shamba lake. Nasema yetu. Mpaka leo nikisema "yetu" kuhusu yale maji, nasaga meno.

Mama akaanza kuteka korongoni. Njia ile ni ya kushuka kwa kushika mizizi na kupanda kwa magoti. Alishuka asubuhi na jioni, ndoo kichwani, na sisi nyuma na vidumu. Siku moja jioni aliteleza. Ndoo ilitangulia, yeye akaifuata. Tulipomfikia alikuwa amelala kwa ubavu, mguu umegeukia upande ambao mguu haugeukii. Majirani walimbeba kwa machela ya vitenge hadi barabarani, akapelekwa hospitali mjini. Nyonga ilivunjika. Alirudi baada ya miezi, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine, na fimbo ambayo hajaiacha hadi leo.

Baba mkubwa alikuja kutoa pole. Alileta mkungu wa ndizi, mkubwa, uliojaa. Mama akasema asante. Alipoondoka niliuburuta ule mkungu hadi kwenye banda la nguruwe, nikautupa wote, nikasimama kuwaangalia wakila. Mama aliniona kupitia dirishani. Hakunigombeza.

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa nyumba ile niliyempenda: binti yake baba mkubwa. Tulilingana umri, tulikaa dawati moja, kwa hiyo kwa desturi na kwa moyo alikuwa dada yangu. Wakati mama yuko hospitali, alinijia mara nyingi na ndoo ya maji kutoka kwao, akipita kwenye kahawa ili baba yake asimwone. Ananipa ndoo, anangoja nimimine, anaichukua, anarudi. Hatukuwa tukizungumza. Naandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu linanisumbua.

Watu husoma kwa sababu mbalimbali. Mimi nilisoma kwa ajili ya baba mkubwa. Nilipomaliza sekondari, mwalimu aliniuliza kwa nini nataka chuo cha maji wakati alama zangu zingenipeleka kwenye uuguzi. Nilimwambia napenda mito. Sikuwa napenda mito. Nilitaka kujua, kwa sheria na kwa hesabu, nani ana haki ya kumfungia mwingine maji, na mtu huyo hufungiwaje naye.

Nikawa fundi sanifu, nikaajiriwa kupima mito ya bonde letu. Nilipanga vyumba viwili Pasua, Moshi mjini, nikanunua buti ndefu za mpira, na kila wiki nikawa ndani ya mto mmoja au mwingine. Kazi yenyewe si ya ajabu. Unasoma ubao wenye mistari uliosimikwa ukingoni, uone kina. Unaingia majini na kifaa chenye pangaboi dogo linalozungushwa na mkondo, unahesabu mizunguko, unaandika, unasogea hatua moja, unahesabu tena. Unatoka umelowa hadi mapajani. Ukiifanya kazi hiyo kwa miaka, mlima unaacha kuwa ile theluji ya kwenye picha. Unakuwa paa la nyumba, na wewe unajua kila tone likidondoka upande huu litapitia mfereji upi.

Kijito chetu, kile kilichokingwa na wazee, kinaingia mto Rau. Rau inashuka kupita pembeni mwa mji, inafika tambarare kwenye mpunga, inaingia Ruvu. Ruvu inamwaga kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na hapo inakutana na maji ya Kikuletwa yaliyotoka upande wa magharibi. Yanapotoka bwawani pamoja, ndipo mto unapoitwa Pangani, na unakwenda nao hivyo mpaka baharini. Mara ya kwanza kufika pale bwawani nilinunua perege wa kukaanga kwa mama mmoja, nikakaa juu ya jiwe, nikatazama yale maji mengi. Wenzangu walipiga picha. Mimi nilikuwa nafikiria mashina ya migomba yaliyoshindiliwa kwenye mlango mdogo kule juu, na buti zikiyakanyaga. Kumbe mzee yule hakuwa amemwibia mama peke yake. Alikuwa amewaibia watu wa safari nzima ya maji yale. Wazo hilo halikunipunguzia hasira, lilinipa washirika.

Nilingoja. Baba mkubwa alizeeka, akatajirika. Pale alipokuwa akilima maharage alijenga loji ya watalii, vyumba vya mbao vyenye vibaraza, mabwawa matatu ya samaki na moja la kuogelea. Wageni walikuja kuona maporomoko na kukoboa kahawa kwa mikono wapigwe picha. Dada yangu, yule wa ndoo, ndiye aliyeiendesha loji. Mama alibaki na mlango uliozibwa. Nilimvutia mama bomba la kijiji hadi nyumbani, akanywa, akapikia, lakini bomba haliwezi kunywesha kihamba. Na siku za kiangazi hata hilo bomba lilikohoa tu.

Kisha wakulima wa mpunga wa tambarare wakaja ofisini. Walikuja wengi, wakiongozwa na mwanamke mmoja mnene mwenye kofia ya nyasi, aliyeweka juu ya meza ya bosi konzi ya udongo uliopasuka.

"Huu ndio mpunga wangu," alisema. "Nimekuleteeni muupike."

Bosi aliitisha kikao. Alisema anahitaji mtu wa kupanda kila kijito kinacholisha Rau, mmoja mmoja, mpaka juu, aandike kila mahali maji yanapokingwa, nani anayakinga, ana kibali au hana. Ni kazi ya wiki nyingi, kwa miguu, na... Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi.

Nilianza vijito vya mbali. Nilikuwa mwangalifu, nilikuwa mpole. Wengi niliowakuta hawana kibali walikuwa watu wa kawaida wenye bustani ya mboga, nikawaandikia muda wa kujirekebisha hadi masika. Kijito chetu nilikiacha mpaka mwisho, kama mtu anavyoacha nyama pembeni mwa sahani.

Siku nilipopanda kwenda kwenye banio letu, pale mfongo unapochukulia maji, nilivaa sare, nikaosha na buti. Nilitarajia mabaya, lakini niliyoyakuta yalikuwa zaidi. Palipokuwa na mawe na matete ya wazee palisimama ukuta wa saruji, kutoka ukingo hadi ukingo. Kwenye ukuta bomba la plastiki lenye unene wa paja la mtu. Chini ya ukuta, kijito kilikuwa mawe makavu, na kati ya mawe buibui walikwisha kufunga nyuzi. Mfongo nao ulikuwa umebakiziwa tope. Majirani zetu wote wa chini, wale wanaume waliokaa kimya jembe likitupwa korongoni, walikuwa hawana maji nao. Nilipopita kwao waliniambia kwa kunong'ona. Niliwasikiliza, nikaandika, sikuwapa pole.

Nilipima juu ya ukuta. Nilipima chini ya ukuta, ambako hapakuwa na cha kupima. Nikalifuata bomba hadi loji.

Dada yangu alinikimbilia akanikumbatia, sare na tope vyote.

"Jamani, umekonda! Kaa. Nakuletea samaki wa mabwawa yangu mwenyewe."

"Nipo kazini."

"Tangu lini ukawa kazini nyumbani kwetu?"

"Nionyeshe kibali cha maji," nikamwambia.

Alinitazama kwanza akidhani natania. Kisha akaenda ndani akarudi na bahasha. Kilikuwa kibali cha zamani cha mfongo mzima, cha matumizi ya nyumbani na mashamba, kwa jina la kikundi. Bomba halikuwemo, mabwawa hayakuwemo, ukuta haukuwemo. Nilipiga picha kila ukurasa. Mikono yangu ilikuwa mitulivu kabisa.

Baba mkubwa alikuwa kibarazani, kwenye kiti cha mwanzi, blanketi magotini. Nilimfuata.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Anachechemea tu."

Macho yake yaliniacha, yakaenda kwenye mabwawa. "Na wewe serikali imekuleta kwangu?"

"Imenileta."

"Basi waambie mzee ametunza mfongo huu miaka yote. Bila mimi ungekuwa umekufa."

Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu utotoni, mengi, makali, na nilipofika mbele yake niliona sina haja nayo. Nilikuwa na daftari.

Ripoti nilimwandikia bosi kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuandika. Kila kipimo kilikuwa cha kweli. Naapa kwa hilo na ningeapa mahakamani. Lakini kwenye fomu kuna sehemu ya mpimaji kupendekeza muda wa kufunga. Wale wengine wote niliwaandikia: hadi masika. Kwake niliandika: mara moja. Nilijua ni Januari, masika bado mbali. Nilijua samaki watakufa. Nililiandika neno lile polepole, nikalirudia kulisoma.

Bosi aliisoma, akatikisa kichwa. "Huyu ni wa kijijini kwenu. Ni nani yako?"

"Hatuna undugu," nikasema.

Ulikuwa uongo, na ulitoka kinywani mwangu kama maji yanavyotoka mlangoni.

Siku ya kufunga nilikwenda. Haikuwa lazima niende. Walikuja maafisa wawili na mafundi, wakakata bomba kwa msumeno, wakaitoboa saruji katikati. Maji yakatulia kidogo nyuma ya ukuta, kama yanayofikiri, halafu yakapita. Yalishuka kwenye yale mawe makavu yakisukuma majani na taka mbele yake. Niliyafuata kwa miguu mpaka pumzi ikaniishia.

Baada ya siku nne nilirudi kuangalia loji. Mabwawa yalikuwa yamebaki matope ya kijani. Wageni walikwisha kuondoka kwa sababu ya harufu. Dada yangu alikuwa ndani ya bwawa la kati, gauni limefungwa mapajani, akizoa perege waliokufa kwa ungo na kuwajaza kwenye vikapu ili akawafukie kwenye migomba. Nilikaa juu ya jiwe ukingoni. Nilikuwa na ndizi ya kuchoma kwenye mkoba, nikaitoa nikala. Nataka nikiri hili kama lilivyokuwa: ilikuwa tamu.

Akainua uso akaniona.

"Sasa umeshiba?" akaniuliza.

"Bado."

Akaendelea kuzoa.

Baba mkubwa hakukaa kimya. Alivaa koti lake la sikukuu akaja mpaka ofisini mjini, akakaa mbele ya bosi akasema, "Yule aliyenipima ni mtoto wa mdogo wangu wa tumbo moja. Ananilipizia mambo ya zamani." Kwa maneno hayo mwenyewe alikubali kwamba kuna mambo ya zamani, na hilo lilinipendeza. Ila niliitwa. Bosi hakupiga kelele. Aliniuliza swali lilelile, ni nani yako, akangoja. Safari hii nilijibu.

Walimtuma fundi mwingine akapime upya. Vipimo vyake vikawa sawa na vyangu, kwa hiyo bomba halikurudishwa. Mimi nilipewa onyo la maandishi kwa kusema uongo na kwa pendekezo lisilo la haki, nikahamishiwa upande wa Rombo. Nikapanga chumba Holili, karibu na foleni ya malori ya mpakani, nikawa napima vijito vyembamba vya mashariki. Ukipanda kutoka hapo hadi Tarakea, mvua nyingi inayonyesha kule inateremka kuvuka mpaka, inakuwa maji ya Kenya. Niliona ni adhabu ya haki: nitumwe kupima maji ya watu nisiowachukia.

Kijijini, watu wa mfongo walimvua baba mkubwa ukuu. Wale wanaume waliokuwa wakinong'ona sasa walipata sauti. Walipanga zamu upya, na mama akarudishiwa Jumanne yake. Niliomba ruhusa nikaenda siku ya kwanza. Mama aliwahi kuamka, akavua viatu, akashuka kwa fimbo yake hadi mlangoni, nami nikautoboa udongo wa miaka yote ile kwa sururu, kwa sababu jembe halikuweza. Maji yalipoingia alisimama yakapita juu ya miguu yake, mguu mrefu na mguu mfupi. Nilidhani atalia au atasali. Alitazama ng'ambo, kwenye migomba ya shemeji yake iliyoanza kunyauka, kwa sababu zamu yake mpya ilikuwa Ijumaa na ilikuwa bado mbali.

"Mwache kidogo ahisi," alisema.

Ndipo nilipojua kwamba miaka yote nilikuwa nadhani nabeba hasira yangu na yake, kumbe yake alikuwa anaibeba mwenyewe.

Masika yalipokaribia, Jumapili moja baada ya ibada, baba mkubwa aliingia uani kwetu. Dada yangu alikuwa amemshika mkono. Mkono wa pili wa mzee ulikuwa na isale, tawi lenye majani yake marefu. Kwetu mtu akikuletea isale anakuomba msamaha, na mila inasema hata kama amekuulia ndugu, huwezi kulikataa. Mama alikuwa akimenya ndizi. Aliweka kisu chini, akafuta mikono, akalipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Nilidhani ndio mwisho, mila imetushinda.

"Karibu ukae," mama alisema. "Unaomba msamaha wa nini?"

Mzee alishangaa. Kwa kawaida haulizwi. Isale linatosha.

"Kwa yaliyopita."

"Yapi?"

"Kwa maji," akasema.

"Na nini kingine?"

Alimtazama dada yangu, dada yangu akatazama chini. Kuku walipita kati yetu. Mwishowe macho yake yakaenda kwenye fimbo ya mama iliyoegeshwa mlangoni.

"Kwa mguu," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Mama akaitika kwa kichwa. Akainuka, akachukua jembe, akashika fimbo kwa mkono mwingine na lile tawi kwapani, akaanza kuteremka kihambani. Tukamfuata sote, mzee akiburuta miguu. Alikwenda mpaka chini kabisa, kwenye mpaka kati ya shamba letu na la mzee, ile sehemu mzee aliyokuwa akiitaka. Akachimba kishimo, akalisimamisha lile tawi, akalifukia, akalikanyagia udongo kwa ule mguu wake mfupi. Isale likichomekwa hushika, na kila mtu mlimani anajua kuwa ndilo tunalopandia mipaka.

"Nimelipokea," alisema. "Litakaa hapa. Ukija kwangu, utaishia hapa."

Nilitaka kupiga vigelegele. Nilijizuia kwa kuuma ulimi. Baba mkubwa aligeuka kurudi kwake kwa kupitia shamba lake mwenyewe. Dada yangu alibaki nyuma kidogo. Alinitazama, nikafungua mdomo. Nilikuwa na kitu cha kumwambia kuhusu ndoo. Hakungoja.

Baba mkubwa bado yu hai. Simwombei mabaya, na mema pia simwombei. Nikikutana naye namwamkia, ananiitikia, tunapishana. Watu wa kanisani huniambia hasira ni mzigo, niutue. Nawajibu kwamba nilishautua, juu yake.

Dada yangu hanisemeshi. Nilimwona sokoni Holili wakati mmoja, amekuja kununua vitunguu vya kutoka ng'ambo. Nilimsalimia akaniitikia kama unavyomwitikia mtu anayekuuzia kitu usichokihitaji. Samaki wale walikuwa wake. Baba yake alimwachia mabwawa yale ayaanzishe mwenyewe, na mimi nilijua, maana aliniambia siku ile ya bahasha, kwa fahari, kabla sijaomba kibali. Sehemu hiyo sikuiandika kwenye ripoti.

Mwaka huu amefungua tena vyumba vichache. Ameweka matangi ya kukingia mvua, na ameomba kibali kipya, kidogo, cha bwawa moja la samaki, kwa jina lake mwenyewe. Mwenzangu wa ofisini alinipigia simu kunieleza kwamba faili limefika, na kwamba kuna sehemu ya mpimaji kutoa maoni. Alitaka kujua naonaje. Nilimwambia mimi ni ndugu yake, siruhusiwi kuligusa. Nilikata simu, nikavaa buti, nikaenda kusoma ubao wangu mtoni. Sijui ningeandika nini. Nashukuru kalamu haikuwa mkononi mwangu.